Semei Kakungulu: jemadari aliyekosa ufalme, na sikukuu ya asali chini ya Mlima Elgon

Wiki iliyopita, msikilizaji wetu, tulizungumza hewani kuhusu matumizi ya asali mbali na kuipaka kwenye mkate na kutuliza kikohozi cha watoto. Tukagusia keki ya asali yenye viungo ambayo Wayahudi huoka mwaka wao mpya unapoingia. Tulidhani ni jambo la kutaja na kupita. Simu zikaingia mpaka tukachelewa kusoma matangazo ya vifo. Msikilizaji mmoja wa hapa hapa Ilongero akauliza kama kuna Mwafrika mweusi aliye Myahudi, tena wa huku kwetu Afrika Mashariki, au ni mambo ya Ulaya na ya kwenye Biblia tu. Wengine walitaka kujua keki yenyewe inaokwaje bila oveni. Tuliahidi kuandika ili kila mtu asome kwa nafasi yake kwenye simu.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, wapo. Wanaishi mashariki mwa Uganda, kuzunguka mji wa Mbale, na wanaitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda kwa Kiganda. Hawakuletwa na meli wala na mmisionari. Walianza na mtu mmoja aliyekuwa askari, mwindaji wa tembo, chifu na mtawala, jina lake Semei Kakungulu. Ukitaka kuielewa sikukuu yao ya asali, lazima umjue kwanza mzee huyu.

Kakungulu alizaliwa takriban mwaka 1869 huko Koki, nchi ndogo iliyokuwa na mtawala wake, kusini magharibi mwa Buganda. Si mbali sana na mpaka wetu wa Kagera. Akiwa kijana aliingia Buganda kutafuta maisha kama vijana wengi wa wakati ule, kwa sababu ikulu ya Kabaka ndiyo iliyokuwa na vyeo, bunduki na habari za dunia. Akawa mwindaji hodari wa tembo. Pembe za ndovu zilikuwa mali, na mali ilinunua bunduki, na mwenye bunduki nyingi alipata wafuasi.

Katika miaka hiyo ya 1880 wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa wamekwisha fika ikulu, Wakatoliki nao wapo, na Waislamu walikuwa wametangulia kabla ya wote. Kakungulu akawa Mprotestanti, akabatizwa Semei. Hapa kuna jambo linalotugusa sisi watu wa Kiswahili. Inasimuliwa kwamba alifundishwa kusoma Maandiko kwa Kiswahili, kwa sababu Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa bado haijatoka. Ilikuja kukamilika mwaka 1896. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuwa baba wa Wayahudi wa Uganda alianza kuyasoma Maandiko kwa lugha hii unayoisoma sasa.

Mwaka 1888 Buganda iliingia katika vita vya dini. Kabaka Mwanga alipinduliwa, Waislamu wakashika nchi, Wakristo wakakimbilia Nkore. Kakungulu alijitokeza kama mmoja wa majemadari wao, na Mwanga aliporudishwa kwenye kiti, kijana huyu wa Koki alikuwa na jina kubwa. Akapewa cheo cha Kimbugwe, moja ya vyeo vya juu kabisa vya ikulu. Lakini pale ikulu alikuwapo pia Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, Mprotestanti mwenzake. Wawili hawa hawakupikika chungu kimoja. Kagwa alikuwa mjanja wa siasa na karibu zaidi na Waingereza. Kakungulu alikuwa mtu wa uwanja wa vita. Mwishowe yeye ndiye aliyeondoka, akaenda mashariki na watu wake.

Mwaka 1899 ndio uliomfanya aaminike kabisa kwa Waingereza. Wafalme wawili waliokuwa wakipigana na ukoloni, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, walikuwa wamejificha kaskazini ya Ziwa Kyoga. Tarehe 9 Aprili mwaka ule walikamatwa wote wawili, na Kakungulu alikuwa miongoni mwa walioongoza msako. Wafalme wale wakapelekwa uhamishoni visiwa vya Ushelisheli. Kuna watakaosoma mstari huu na kumhukumu Kakungulu papo hapo, nasi hatuwazuii. Alimsaidia mgeni kuwafunga wafalme wa nchi.

Baada ya hapo akaingia katika nchi za mashariki ambazo Waganda waliziita Bukedi, jina la dharau lenye maana ya nchi ya watu wasiovaa nguo. Kwa bunduki zake na jeshi la Waganda alipita kwa Wateso, Wagwere na Wagisu. Akajenga ngome, akaweka mawakala wa Kiganda juu ya watu, akachimbisha barabara na kupanda miti kandokando yake. Wasafiri wanamsifu kwa kivuli cha miti ile. Lakini barabara zile zilichimbwa kwa kazi ya lazima, na bibi na babu za watu wa kule hawakumsimulia kama mkombozi. Tunayasema yote mawili, kwani kipindi chetu si cha kuwapaka watu mafuta.

Kakungulu mwenyewe alikuwa na hamu moja, nayo ni ufalme. Aliamini kwamba Waingereza wangemtambua kuwa Kabaka wa nchi zile alizoziteka, na watu wake walikuwa wamekwisha anza kumheshimu hivyo. Alijenga makao makubwa Budaka. Mwaka 1902 serikali ikamwondoa Budaka, ikamwachia eneo la maili za mraba 20 chini ya Mlima Elgon. Mtu mwingine angekaa chini akalia. Yeye akaanzisha makao mapya, na wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili wakamfuata, pakawa mji. Ndio mji wa Mbale wa leo. Kisha wakamhamisha tena. Kuanzia mwaka 1906 alikuwa Busoga kama rais wa baraza la machifu, cheo kikubwa kwa jina lakini cha mtumishi wa serikali, mpaka mwaka 1913 alipokwisha kazi na kurudi Mbale.

Hebu mfikirie hapo. Ana zaidi ya miaka 40, amewapigania Waingereza nusu ya maisha yake, na ardhi aliyoiteka kwa damu ya watu wake na ya watu wengine imekuwa wilaya zinazotawaliwa na vijana wa Kizungu. Wengi husema hasira hiyo ndiyo iliyomtoa katika Ukristo. Sisi tunaona hasira ilikuwapo, lakini haitoshi kueleza yaliyofuata. Mwenye hasira angeanzisha vita. Kakungulu alifungua Biblia.

Mwaka 1914 lilizuka Buganda kundi la Wamalaki, waliojitenga na Kanisa la Kiprotestanti. Walishika siku ya Sabato na kukataa dawa za hospitali, wakisema Mungu peke yake ndiye mponyaji. Kakungulu akajiunga nao. Serikali ilichukia hasa pale alipogoma watu na ng'ombe wasichanjwe, na kwa mtu aliyekuwa nguzo ya serikali hiyo huo ulikuwa uasi wa wazi. Kwa hili la chanjo hatumuungi mkono. Wafugaji wetu wanajua hasara ya ng'ombe asiyechanjwa.

Lakini kadiri alivyosoma, alizidi kuzama katika vitabu vitano vya Musa. Akaona pameandikwa tohara, akauliza kwa nini Wakristo hawaifanyi. Wamalaki wenzake wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi. Basi, akasema, mimi ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa na umri wa karibu miaka 50, alitahiriwa yeye na wanawe, akaachana na Wamalaki na kuhamia Gangama, chini ya mlima, na wafuasi wake. Wagisu waliowazunguka walikuwa wakitahiri vijana wao tangu enzi, kwa mila na ngoma zao. Kwa Waganda lilikuwa jambo la kushtua, hasa kwa mzee wa heshima.

Hapo tuongeze jambo dogo la pembeni. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa viongozi wa Wayahudi wa Ulaya wazo la kuhamia Afrika Mashariki. Watu waliliita mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mwaka 1905 wakalikataa. Wayahudi wa Ulaya hawakuja, na upande wa pili wa Mlima Elgon Wayahudi wakazuka wenyewe, bila kualikwa na mtu.

Kwa mwaka mmoja hivi Kakungulu na watu wake walikuwa Wayahudi wa kitabu tu. Walisoma, wakafanya walichoelewa, na mambo mengi ya Kikristo waliendelea nayo, ubatizo ukiwamo. Ndipo mwaka 1920 akatokea Myahudi mmoja anayekumbukwa kwa jina la Yosef. Alikaa nao karibu miezi sita. Akawafundisha kalenda ya Kiyahudi, sala, vyakula vinavyoruhusiwa na namna ya kuchinja, akawaambia waache ubatizo. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kwa Kiganda kitabu cha kurasa zipatazo 90 chenye sala na kanuni za jumuiya yake. Jemadari akawa mwalimu.

Kalenda ile ndiyo inayoturudisha kwenye asali. Mwaka mpya wa Kiyahudi, Rosh Hashanah, huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kwa sababu miezi yao hufuata mwezi wa angani. Hupigwa baragumu ya pembe la kondoo dume, watu husali na kujihoji juu ya mwaka uliopita, kisha huketi mezani. Chakula cha siku hiyo hutakiwa kiwe na utamu, ili mwaka unaoanza uwe mtamu. Tunda la tufaa huchovywa kwenye asali. Na Wayahudi wa Ulaya, kwa karne nyingi, wameoka keki ya asali waitayo lekach.

Wafugaji wa nyuki mtapenda hili. Kwa sheria yao Myahudi haruhusiwi kumla nyuki, na kwa kawaida kinachotoka kwa mnyama asiyeruhusiwa nacho hakiruhusiwi. Mbona basi asali inaliwa? Walimu wao wa kale walijibu kwamba nyuki haitoi asali mwilini mwake kama ng'ombe atoavyo maziwa. Huichukua kwenye maua, huibeba na kuihifadhi, hivyo asali ni ya maua. Na nchi ile ya maziwa na asali inayosifiwa katika Torati, wataalamu wengi huona asali yake ilikuwa ya tende. Sisi wa Singida tunayo ya nyuki, wakubwa na wadogo.

Sasa keki. Hatusemi kwamba Kakungulu aliila. Keki hii ilizaliwa katika nchi za baridi. Lakini tulipoangalia vinavyohitajika tulicheka, maana karibu vyote vinapatikana sokoni Ilongero: asali yetu, mafuta yetu ya alizeti, mayai ya kuku wa kienyeji. Karafuu na mdalasini waliosafirishiwa Wazungu kwa meli, sisi tunavipata dukani kwa kipimo cha kijiko. Tena mafuta ya alizeti yanafaa kuliko siagi. Wayahudi hawachanganyi nyama na maziwa katika mlo mmoja, hivyo keki ya mafuta huweza kuliwa hata baada ya nyama.

Tulifanya hivi. Tulichekecha vikombe viwili vya unga wa ngano pamoja na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, chumvi kidogo, vijiko viwili vya chai vya mdalasini wa unga, nusu kijiko cha tangawizi na robo kijiko cha karafuu iliyosagwa. Karafuu usiizidishe, itakuachia ladha ya dawa ya meno. Kwenye bakuli jingine tulipiga mayai mawili na nusu kikombe cha sukari, tukatia nusu kikombe cha mafuta ya alizeti na robo tatu ya kikombe cha asali. Pima mafuta kwanza, halafu asali kwa kikombe kile kile, nayo itateleza yote bila kubaki. Kisha robo tatu ya kikombe cha chai ya rangi nzito iliyopoa. Watu wa Mbale wana kahawa yao ya mlimani, na kahawa nayo yafaa. Ukichanganya na unga, koroga taratibu mpaka unga mkavu usionekane, basi. Rojo litakuwa jepesi kuliko la keki ya kawaida. Usiogope ukaongeza unga.

Kuoka ndiko kulikotupa kazi. Tulitandaza mchanga chini ya sufuria kubwa, tukaipasha moto, tukaweka ndani sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye rojo, tukafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Keki ya kwanza iliungua chini na juu ikabaki mbichi katikati. Kosa lilikuwa letu, tuliuendesha moto kama wa keki ya sukari. Asali huwahi kubadilika rangi na kuungua. Mara ya pili tulipunguza makaa ya chini mpaka yakabaki machache, ya juu tukayafanya mengi kidogo, tukasubiri kama dakika 50 bila kufunuafunua. Kijiti kilipotoka kikavu tuliiepua. Kisha tukafanya lililo gumu kuliko yote, tukaifunga kwa kitambaa safi mpaka kesho yake. Siku ya pili viungo vimeingia, keki imelainika, na harufu imejaa nyumba nzima. Anayeila ingali moto anakula nusu ya utamu wake.

Turudi Gangama. Kakungulu aliishi miaka yake ya mwisho mbali na watu wakubwa aliowazoea. Serikali ilikuwa imempuuza, marafiki wa zamani walimwona kama amechanganyikiwa, na Apolo Kagwa, yule mpinzani wake, alikuwa amepewa heshima ya juu na mfalme wa Uingereza. Aliendelea kushika Sabato na kuwafundisha watu wake mpaka alipofariki tarehe 24 Novemba 1928. Alizikwa huko huko chini ya mlima. Kaburi lake linamkumbuka kwa vyote viwili, ujemadari wake na imani aliyoianzisha, jambo ambalo ni nadra kwenye kaburi moja.

Baada yake jumuiya iligawanyika. Wengine walirudi kwenye Ukristo, wengine wakashika njia kali ya Kiyahudi chini ya wazee kama Samson Mugombe. Mtihani mkubwa ulikuja wakati wa Idi Amin, alipopiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa. Waliobaki walisali kwa siri, na Amin alipoondoka mwaka 1979, walikuwa wamebaki mia chache tu. Kwetu hapa wapo wazee wanaokumbuka vita ile, waliopeleka watoto mstari wa mbele. Pengine hawakujua kwamba miongoni mwa waliopumua siku Amin alipokimbia walikuwamo watu wa Kakungulu.

Vijana wao ndio walioamsha moto upya. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walikuja kuwapokea rasmi mamia yao katika dini, ingawa wazee wengine waliona si sawa kuambiwa waongoke wakati wamekuwa Wayahudi tangu 1919. Hoja yao tunaielewa. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, mtu wa jumuiya hiyo, alipata urabi baada ya kusoma Marekani. Mwaka 2004 wakulima wa kahawa Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa Mbale walianzisha ushirika mmoja walioupa jina lenye maana ya amani tamu. Na mwaka 2016 lilifunguliwa sinagogi kubwa kwenye kilima cha Nabugoye, nje ya Mbale.

Huko Nabugoye sala za Sabato huimbwa kwa Kiebrania na Kiganda, na nyimbo nyingi walizitunga wenyewe. Msikilizaji aliyeuliza swali, kama uko hapa Ilongero, pita studio. Tumekuwekea kipande kwenye kitambaa, cha keki ya pili, si ile iliyoungua.